Uboho wa Dada

Machi 11

Daktari wa damu amenipa kazi. Niandike kila siku: homa, damu ya pua, michubuko, mtoto amekula nini. "Hayo tu, mama, usijichoshe." Nimenunua daftari. Lakini siwezi kuandika homa ya mtoto nikawaacha watu wanaomzunguka, kwa hiyo nitamnakilia daktari ya kwake na haya mengine yatabaki kwangu.

Mvua zimeanza leo asubuhi, tena kwa fujo. Homa: hakuna. Damu ya pua: ndiyo, shuleni, mpaka mwalimu akanipigia simu kazini, kwenye karakana ya makochi. Nilimkuta mwanangu kwenye benchi ya ofisi, beseni mapajani, ametulia kama abiria anayengoja zamu yake. "Mama," akasema, "waambie waache kunitazama hivyo. Sijafa." Ana miaka sita. Ndiyo maana tunamwita Mzee.

Michubuko: paja la kushoto, mgongoni, na mmoja shingoni, mahali ambapo hajagongwa na kitu wala mtu.

Machi 12

Homa hakuna. Uji nusu bakuli. Mvua.

Machi 14

Tunangoja majibu ya nyonga. Walimtoboa mfupa wiki iliyopita watoe uboho, ule ute wa ndani ya mfupa ambako, kwa maelezo ya daktari, damu yote hupikwa. Mimi nilishindwa kusimama pale. Mume wangu ndiye aliyemshika kichwa, akamwimbia tangazo la sabuni la redioni, na sauti yake ile mbovu, mpaka nesi akacheka na mtoto akasahau kulia. Nikajisemea: kwa mume nimepata. Naliandika hili ili siku nikimkasirikia nilisome.

Machi 16

Shangazi amekuja na mwavuli wake na maneno yake. Ni dada wa baba yangu, na ni mama mzazi wa mume wangu. Yeye ndiye aliyetuoza. "Nyama nzuri ipo nyumbani, buchani unakwenda kufanya nini?" alisema wakati ule, na ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikiwemo.

Leo amemfunua Mzee kope za macho, akaona weupe, akaguna. "Hii damu nyepesi ni ya kwa mama yako. Kwetu watu wana damu."

Mama yangu yuko kaburini, hana jinsi ya kumjibu. Nikaendelea kukata vitunguu. Nilikata vingi kuliko tulivyohitaji.

Machi 19

Daktari alifunga mlango na kuzima simu yake. Nilipoona anazima simu, nikajua.

Uboho wa Mzee unachoka, alisema. Kazi ya kutengeneza damu inaushinda, na utazidi kushindwa. Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Kile kidole gumba chake kilichopinda, ufupi wake, yale madoa ya kahawia mgongoni ambayo tulikuwa tunayaita alama za uzuri, vyote vimetoka chungu kimoja.

"Ametoa wapi?" mume wangu akauliza.

"Kwenu. Kila mmoja wenu amebeba kasoro moja. Ukiwa nayo moja haikudhuru, unazeeka nayo bila habari. Mtoto akipewa ya baba na ya mama kwa pamoja, ndipo inakuwa ugonjwa." Akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Samahani kuuliza. Mna undugu?"

Mume wangu alitazama dirisha. Nikajibu mimi. "Baba yangu na mama yake ni mtu na dada yake."

Hakushangaa, hakutuhukumu. Aliandika tu. Ningependa angeshangaa.

Kuna dawa za kumsukuma kwa muda, na kuna kuongezewa damu. Lakini la kuponya uboho ni kupandikiziwa uboho wa mtu mwingine anayefanana naye, na wa kwanza kutafutwa ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja. "Mna mtoto mwingine?"

"Dada," tukasema kwa pamoja, kama watoto darasani.

Jioni nikampigia simu Shangazi kwa furaha mbaya moyoni. Nikamwambia: si damu ya mama yangu. Ni ya kwenu, wewe na baba yangu. Akasema, "Madaktari wa siku hizi wanapenda sana kuchimba koo za watu."

Machi 23

Wamemtoa Dada damu ya kupima ulinganifu. Ana miaka kumi na miwili na hakukunja hata uso.

"Uboho ukitolewa, unaota tena?" akaniuliza.

"Unaota."

"Basi wachukue wanaoutaka."

Mzee akamkazia macho. "Nikiwekewa uboho wa msichana, nitaanza kulialia?"

"Utaanza kuoga," Dada akamwambia.

Machi 30

Mvua. Karakana nzima inanuka sponji iliyolowa. Gundi haishiki, vitambaa vya makochi vinaota ukungu vikiwa bado kwenye roli. Fundi mwenye karakana anasema mwaka huu mbingu imetoboka. Homa: hakuna.

Aprili 1

Ameongezewa damu. Amerudi na rangi mashavuni, akakimbia uani. Nikamwambia asikimbie. Akakimbia.

Aprili 6

Wanafanana! Daktari mwenyewe amepiga simu. Dada na Mzee wamelingana kila kipimo, kama kitambaa kilichokatwa jora moja. Mume wangu alitoka gereji mbio, akafika nyumbani na mafuta ya gari mikononi, akamnyanyua Dada juu na kuichafua sare yake yote, na hakuna aliyemkemea. Shangazi alipiga kigelegele kwenye simu mpaka nikaisogeza mbali na sikio.

Daktari alisema kuna kipimo kimoja zaidi cha Dada, cha kuhakikisha. Kinapelekwa mbali, kinachelewa. Nilimwitikia ndiyo, ndiyo. Leo ningeitikia lolote.

Aprili 9

Dada ameacha kuruka kamba. Anatunza mifupa. Amewatangazia darasa zima.

Aprili 13

Mvua. Homa hakuna. Wali, maharage, akaomba tena.

Aprili 17

Siku nne nimelishika daftari nikaliweka. Leo naandika, na nitaandika yote.

Tuliitwa wawili, bila watoto. Daktari alizima tena ile simu. Alisema kipimo cha mwisho cha Dada kimerudi. Kule maabara walizitia chembe zake za damu dawa ya kuzijaribu. Chembe za mtu mwenye afya zinajirekebisha. Zake zilivunjika.

"Zilivunjika maana yake nini?" nikauliza. Nilijua. Nilitaka nimchoshe asiseme.

"Maana yake na yeye anao."

"Dada haumwi. Hajawahi kuumwa hata jino."

"Bado uboho wake unafanya kazi. Wengine huanza kuchoka wakiwa wadogo kama mdogo wake, wengine wakubwa. Hatujui kwa nini. Tutamfuatilia. Lakini hawezi kumpa mdogo wake uboho. Tutakuwa tunampandikiza ugonjwa uleule."

Mume wangu alisimama. Nilidhani anataka kuuliza kitu. Akafungua mlango, akatoka, na sikumwona mpaka nilipofika nyumbani. Daktari akanisogezea glasi ya maji na kuendelea kunieleza mimi peke yangu: kuna daftari la watu baki waliojitolea uboho, huko duniani, atatafuta humo, watu wa asili yetu waliojiandikisha ni wachache, nisikate tamaa. Nilimwangalia midomo ikienda. Nilikuwa nawaza sare ile yenye alama za mafuta, kwamba sikuifua vizuri.

Niliingia kwa daktari nina mtoto mmoja mgonjwa na mmoja wa kumwokoa. Nimetoka na wagonjwa wawili.

Aprili 18

Mume wangu na mama yake wameamua Dada asiambiwe. "Mtoto haongezewi mzigo," Shangazi amesema. Tumemwambia Dada kwamba daktari ameahirisha, mpaka Mzee apate nguvu. Na mimi nilikubali. Ilikuwa rahisi kukubali.

Dada akasema, "Sawa. Nitakuwa tayari."

Aprili 21

Leo nilikuwa navua kochi kuukuu kitambaa chake, nang'oa misumari kwa koleo, na kila msumari niliuita jina la mtu. Mengi yalikuwa ya Shangazi. Nikatoka kazini moja kwa moja hadi kwake.

Nilimkuta anapepeta mchele barazani. Sikumwamkia. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, sikumwamkia.

"Wewe ndiye uliyetuoza," nikasema. "Buchani hukutaka twende. Haya, nyama ndiyo hiyo, imeoza."

Nilitaka anipige. Aliweka ungo chini.

"Bibi yako alizaa tisa," akasema. "Tulikua wanne. Wale watano waliokufa walikuwa wanaanza hivi hivi. Wanakuwa weupe, pua zinatoka damu, wanachoka kucheza. Wawili niliwabeba mgongoni mimi. Tulisema ni homa. Kila kitu wakati ule kilikuwa homa."

"Na bibi na babu?"

"Nao walikuwa binamu."

"Kwa hiyo uliona. Uliona ukatuoza."

"Niliona, mwanangu. Sikujua ninachokiona." Akauvuta ungo, akaanza kuchagua mawe. "Ungekuwa wewe, ungejua?"

Nilitaka kusema ningejua. Nikaondoka. Njiani mvua ilinishika na sikujisumbua kujikinga. Nilikuwa nimekwenda na hasira nzima, nimerudi na hasira isiyo na mahali pa kukaa, na hiyo ni mbaya zaidi.

Aprili 24

Damu ya pua, mara mbili. Mdomo una vidonda. Maziwa tu.

Aprili 29

Mume wangu amewaleta wenzake wa gereji hospitali kutoa damu. Walipanga foleni na ovaroli zao. Anafanya kila kitu anachoombwa. Anamletea Mzee vipuri vibovu avichezee. Ila mimi haniangalii. Leo nilimshika kidevu, nikamgeuza.

"Niangalie."

"Nikikuangalia nawaona watoto," akasema. "Naona tulichowafanyia."

"Tulifanya wote."

"Ndiyo. Tukiwa pamoja. Ndicho ninachosema." Kisha, taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu kizito: "Ba'mkubwa anasema nikioa mbali, nje ya ukoo, nitapata watoto wazima."

Huyo ni kaka wa baba yake. Nikamuuliza yeye mwenyewe anasemaje. Akasema anakwenda kuangalia kama gari la mteja limefungwa.

Mei 4

Homa. Ndiyo. Tumelazwa.

Mei 6

Homa haishuki. Daktari anasema damu yake haina tena askari wa kupigana na vijidudu. Dawa zinaingia kwenye mshipa, na mshipa wenyewe unakimbia sindano.

Shangazi amehamia wodini na kiti chake cha plastiki. Anamkosoa kila nesi. Amemwambia mmoja hajui kutandika kitanda, akatandika yeye. Mzee akafumbua macho: "Bibi, usiwagombeze, ndio wenye sindano." Wodi nzima ilicheka. Hata yule nesi.

Mei 7

Dada alikuja baada ya shule. Alimkabili daktari ukumbini, begi mgongoni. "Mimi niko tayari. Mnangoja nini?"

Daktari akanitazama. Nikatikisa kichwa: hapana. Daktari akainama, akamwambia, "Mdogo wako ana homa, mwanangu, hatuwezi leo."

"Basi kesho."



Mei 9

Mzee amefariki asubuhi, baada ya chai kugawiwa. Baba yake alikuwa amemshika kichwa. Hakumwimbia. Mtoto alitaka wimbo, akamwomba, na baba mtu akamgeukia mama yake. Shangazi ndiye aliyeuimba, ule wa sabuni, akikosea maneno yote.

Mei 10

Tumezika. Mvua ilinyesha mwanzo hadi mwisho. Watu wanasema mvua ya mazishi ni baraka. Watu wana la kusema kwa kila kitu.

Mei 15

Sina cha kumwandikia daktari. Homa ya nani?

Mei 18

Dada hazungumzi nami. Anaitika, anaosha vyombo, anakwenda shule. Nilidhani ni msiba. Leo nimemkuta anakunja nguo za Mzee ndani ya sanduku, nikamwambia aniachie, nitazikunja mimi. Akageuka.

"Ulininyima."

"Nilikunyima nini?"

"Nilimwona daktari anakuangalia. Nilikuona ukitikisa kichwa. Nilikuwa na uboho wake hapa," akajipiga nyonga kwa ngumi, "na wewe ukasema hapana. Uliogopa nitaumia sindano. Sasa amekufa. Umeona? Amekufa na mimi ninao bado."

Baba yake alikuwa mlangoni. Alisikia yote. Ningemtazama angetikisa kichwa, kama nilivyotikisa mimi. Lakini alishaondoka.

Nilimwambia Dada, "Sikukunyima." Akanijibu, "Sawa, Mama." Ni lile "sawa" ambalo watu wazima huambizana.

Mei 19

Nimekwenda kwa Shangazi, nikamwamkia. Nikamwambia nitamwambia mtoto ukweli. Alikasirika. Alisema akiupata ugonjwa huo ataupata, lakini mwache acheze kwanza. Nikamwambia hachezi. Anabeba maiti ya mdogo wake.

"Afadhali akuchukie wewe kuliko ajue," akasema. "Mama anaweza kuchukiwa. Ni kazi yetu."

Nilikaa nikalifikiria hilo njia nzima. Ningeweza. Ningeweza kuwa mama aliyeua kwa uoga, na mwanangu akakua na afya ya kutojua, mpaka siku pua yake itakapotoka damu. Lakini ana chuki ya namna mbili: ya kunichukia mimi, na ya kujichukia mwenyewe kwa kutonigombeza zaidi. Ya kwanza naiweza.

Mei 20

Nimemwambia. Tulikuwa tunaanua nguo, manyunyu yakitushika. Sikupamba. Nilisema: mlifanana kwa kila kitu, hata kwa ugonjwa. Ndiyo maana. Usingeweza kumsaidia, ungemwongezea.

Alishika shuka kifuani. "Na mimi?"

"Na wewe."

"Mzee alijua?"

"Hapana."

"Alikufa anajua nitampa."

"Ndiyo."

Akalia hapo, kwa mara ya kwanza tangu msiba, na uso ndani ya shuka. Nilitaka kumkumbatia, akanizuia kwa kiwiko, si kwa ukali. Alipomaliza, akauliza, "Mlijua tangu lini?"

Nikamwambia.

"Kwa hiyo nilipokuwa bado siruki kamba," akasema, "mlikuwa mnanitazama tu."



Mei 22

Hatujaongea. Lakini amenipakulia chakula.

Mei 28

Ba'mkubwa ametumwa kuja kuniambia, kwa heshima zote, akiwa amevaa koti. Mume wangu amechumbia. Mwanamke wa mbali, hata lugha ya kwao ni nyingine. Alidhani nitapiga kelele. Nikamkaribisha chai.

Nimewaza usiku na mchana nimpate kosa la kutosha kumchukia. Angekuwa mlevi ningeshukuru. Lakini alimshika mtoto kichwa pale mimi niliposhindwa. Nimelisoma, niliandika mwenyewe. Atazaa na huyo mwanamke, na watoto watakuwa na vidole gumba vilivyonyooka, watakimbia na hakuna atakayewaambia wasikimbie. Watakuwa wazima. Hilo ndilo linaloniuma: yuko sahihi.

Shangazi amekataa kwenda kwenye mahari. Amesema miguu inamuuma. Miguu yake haina neno. Tangu juzi analala kwetu, chumba cha Dada, na anakoroma, na anasema mboga zangu hazina chumvi.

Juni 4

Mvua zimekatika. Barabara imejaa tope lililoanza kukauka. Leo ni kliniki ya kwanza ya Dada. Shangazi aling'ang'ania kuja, na kiti chake akakiacha baada ya kuombwa sana.

Jina lilipoitwa tulisimama wote. Mlangoni Dada akageuka.

"Mama, subiri nje."

"Mimi ni mama yako."

"Najua. Ukiwepo, daktari anakuangalia wewe akiongea, halafu anachagua maneno. Nataka aniangalie mimi."

Daktari alinitazama juu ya kichwa chake. Safari hii sikutikisa kichwa. Nilirudi benchi. Mlango ukafungwa.  Mimi na Shangazi tulikaa bega kwa bega, shangazi na binti wa damu moja, tukitazama mlango uliopakwa rangi ya kijani hadi nusu.

Alitoka na pamba imebandikwa mkononi.

"Amesemaje?"

"Nimemuuliza kama nitakuwa kama Mzee. Amesema bado."

"Bado nini?"

"Bado tu, Mama. Twende."

Akatangulia. Nilikazana mpaka nikamfikia, nikamshika mkono. Hakuutoa. Hakunishika pia.